Klarineti ya Wafula na Senti ya Josia

Nakumbuka asubuhi moja ya harusi hapa Nakuru, miaka ya hamsini, nikiwa kijana wa bendi. Nakusimulia, mwanangu, kwa sababu jana ulinijia tena ukilalamika kwamba klarineti yako ni mbovu, na mimi nimechoka kusikia hayo.

Wapiga klarineti tulikuwa wawili, mimi na Wafula, ambaye kutwa alishinda akipakia makaa kwenye garimoshi. Kiongozi wetu Josia, tuliyemwita Mwalimu, alikuwa mpiga tarumbeta, tena mbishi ajabu. Alikuwa na sarafu ya senti kumi, ile yenye tundu katikati. Kabla hatujapiga, aliichomeka kati ya vipande viwili vya juu vya kila klarineti, akavivuta mpaka nafasi ikatosha unene wake, kisha akatangaza kwamba sasa sauti ziko sawa. Kusikiliza, hakusikiliza. Yangu ilikaa vizuri. Ya Wafula ilipanda, kwa kuwa aliiuma klarineti kama anayetafuna muwa. Ingevutwa kidogo zaidi, sauti ingeshuka, na mambo yangekwisha. Nilisema hivyo mpaka koo likanikauka.

"Kipimo ni kimoja," Josia alinijibu. "Huyu hana masikio."

Akaapa kwamba Wafula akiharibu harusi, klarineti atapewa mtu mwingine. Na Wafula hakuwa na raha nyingine duniani.

Baridi ya asubuhi ilitusitiri kanisani, sauti ya Wafula haikupanda sana. Tulipotoka nje uani, Wafula akasimama upande wa jua, klarineti ikashika joto, sauti ikapanda hata bibi harusi akageuka kututazama. Josia akamnyang'anya mbele ya watu.

"Wacha nikuonyeshe."

Akapuliza pamoja nami. Nafasi ilikuwa ileile ya senti, lakini midomo yake ya tarumbeta ililegea, sauti ikaanguka chini ya yangu. Akajaribu tena, ikaanguka tena. Wapishi wa karamu waliokuwa uani wakacheka.

Wafula hakucheka. Alinyoosha mkono, akauliza taratibu, "Na wewe Mwalimu, tarumbeta yako tumpatie nani?"

 Josia akamrudishia Wafula klarineti, akamwambia apulize, na yeye mwenyewe akawa anaivuta kidogo kidogo, sikio limeinama, mpaka sauti zetu mbili zikakutana. Ile senti sikuiona tena.

Sasa wewe, mwanangu, umebadilisha kinywa cha klarineti, umebadilisha mwanzi wake wa kupulizia, na bado unavuta kadiri anavyovuta rafiki yako. Mdomo wako si wake. Ipashe moto klarineti kwa pumzi kwanza, legeza meno, kisha msikilize wa kando yako ndipo uvute. Na siku ukiwa kiongozi, usimfukuze mtu kabla hujaishika klarineti yake ukajua uzito wake.

Mungu akupe pumzi ndefu, na akupe masikio kabla hajakupa cheo.