Siku Sifa Alipokaa kwa Sababu Yangu

Siku yangu ya kwanza kwenye kikosi cha mbwa sikupewa mbwa. Nilipewa ndoo na ufagio nioshe vibanda, mimi niliyetoka Kosele na viatu vinang'aa! Sajenti aliyetufunza, mzee mkali ajabu, akaniambia, "Mbwa akikuzoea atakusoma kuliko mkeo. Chunga unachowaza." Nikacheka. Ujana nao!

Baadaye nikakabidhiwa Sifa, jike mweusi. Akinusa bangi habweki. Anakaa kitako, kimya, anangoja mpira wake. Huko kukaa ndiko tulikoita ishara. Kule Migori aliwahi kunusa bangi ndani ya tangi la pikipiki, mahali mimi nilisikia petroli tu. Nilimpenda mbwa yule, sioni haya kusema.

Kisha tukahamishiwa kizuizi cha barabarani cha Ntimaru. Siku moja Inspekta, mkuu wetu, alipashwa habari kwamba lori la omena, wale dagaa wa ziwani, limeficha bangi. Mwenye mzigo alikuwa mama mmoja wa Kisegi. "Ni gunia la tatu," Inspekta akaninong'oneza kabla hatujaanza. Sifa akapita la kwanza, la pili. La tatu akanusa, akataka kuendelea. Mimi nikasimama, nikakaza kamba. Akanitazama, akakaa.

Gunia likamwagwa. Omena tupu.

"Ameshaitoa, harufu imebaki," Inspekta akasema. "Mbwa hadanganyi. Andika ripoti, utie sahihi."

Mama akapiga yowe pingu zilipomfika. "Nyasaye, Mungu wangu! Mimi hata sigara siijui! Watoto nimewaachia nani?"

Bila sahihi yangu hakuna kesi, na nikikataa nimemwaibisha mkubwa mbele ya watu.

"Afande, mbwa hakudanganya. Mimi ndiye niliyekaza kamba, naye akasoma kwamba nataka akae."

"Unaniambia nini wewe?"

"Wayachanganye magunia nikiwa nimegeuka. Koplo wetu huyu afiche ile bangi yetu ya mazoezi popote kwenye lori, asiniambie. Nami nitafungua kamba."

Alinikodolea macho. "Haya. Ukikosea, utarudi kuosha vibanda."

Sifa akayapita magunia yote, lile lililomwagwa pia, akaenda moja kwa moja hadi gurudumu la nyuma, akakaa. Koplo akachomoa kifurushi chake pale pale. Aih, mbwa yule! Nilimrushia mpira huku machozi yakinilengalenga.

"Mfungueni mama," Inspekta akasema, akaondoka. Mama akamwinamia Sifa. "Erokamano, nyarwa," akamshukuru kama binti yake. Mimi hakunitazama.

Sasa nimestaafu. Vijana wa kikosi wakija kunisalimia huniuliza kama pua ya mbwa ni ya kuaminika. Iaminini, nawaambia, ila gunia lenye shaka msiambiwe, na kamba ilegee. Wananisifu kwa ukweli wangu wa Ntimaru. Nawashukuru, nawakaribisha chai. Lakini kabla ya Ntimaru nilitia sahihi ripoti nyingi, watu wakafungwa, na sikumbuki hata mara moja nilikuwa nimeishikaje kamba.