Redio, kinyozi aliyeshindwa kusema bila kioo

Saa tatu asubuhi, na kinyozi anayejulikana mtaa mzima kwa jina la Redio ameshanyoa vichwa vitatu. Wa nne ni mwalimu mstaafu mwenye nywele za kuhesabika, naye anataka wembe, hataki mashine. Redio anabadilisha wembe, anaegemeza kidole gumba nyuma ya sikio la mzee, anashusha mkono. Mkono umetulia.

"Mwalimu, hizi nywele tuzipe namba kabisa, isije ikapotea moja," anamwambia kupitia kioo.

"Nyoa wewe! Ulipokuwa kimya nilikuonea huruma, sasa naanza kujuta," anajibu mzee.

Wanaosubiri kwenye benchi wanaangua kicheko. Mwaka jana, muda kama huu, hakuna aliyecheka humu ndani.

Saluni hii ina viti viwili vya kuzunguka. Kimoja ni chake. Cha pili kilikuwa cha kaka yake, aliyemfundisha kazi, na wawili hao walinyoa bega kwa bega miaka kumi na tisa. Kisha kaka akafariki ghafla kwa presha. Redio akakifunika kiti kwa shuka la kunyolea, na aliyejaribu kukikalia aliambiwa asimame, hata kama benchi limejaa.

Mwezi wa pili baada ya msiba, mkono wa kulia ukaanza kutetemeka.

"Nikishika mashine, mzima. Nikishika wembe, kama nimeshika samaki aliye hai," anasema. Alimkata mteja mmoja juu ya sikio, akaomba radhi, akaufungia wembe kabatini. Wateja thelathini kwa siku wakapungua hadi kumi na wawili. Na yeye, mtu wa maneno kama mvua, akanyamaza.

Siku moja akaja binti wa kaka yake, msichana wa miaka ishirini na miwili anayenyoa vizuri kuliko vijana wengi. Aliomba kiti cha baba yake. Redio alimfokea mbele ya watu na kumfukuza. Binti akaenda kufanya kazi saluni nyingine, na kwa miezi mitano hakukanyaga kwa baba yake mdogo, wala salamu hakutuma.

"Hilo ndilo lililoniogopesha," anasema mkewe, mpishi wa shule. "Mkono unaweza kupona. Mtoto ukimpoteza, utampata wapi?"

Mama huyu ndiye aliyesikia kwamba kituo cha afya kina mshauri, mtu wa kuzungumza naye. Redio alimjia juu.

"Kwani mimi nimerukwa na akili?"

"Nani kasema umerukwa?"

"Sasa nikaongee nini na mtu nisiyemjua? Mimi mwenyewe watu wananiletea matatizo yao kila siku!"

"Ndiyo maana, baba. Kinyozi hajinyoi."

Hata hivyo hakwenda. Anakiri kwamba alikuwa na hofu mbili. Ya kwanza ilitokana na kazi yake mwenyewe.

"Mimi najua siri zinavyosafiri. Mtu ananong'ona kwenye kiti hiki, na kabla sijampaka spiriti shingoni, benchi zima linajua mkewe kamnunia. Nikajiuliza, huyo mshauri naye hana benchi?"

Hofu ya pili hakumwambia hata mkewe. "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anaacha kunyoa.

Mwishowe alikwenda kituoni siku ya Jumatatu, saluni inapofungwa. Alivaa kofia mpaka kwenye nyusi na kuzungukia nyuma ya duka la dawa asionekane. Akiwa mlangoni, akatoka mteja wake mwenyewe, mbeba mizigo mwenye kifua kama kabati.

"Redio! Na wewe umo?"

Redio alitamani ardhi ipasuke. Mwenzake wala hakushtuka. "Mimi mwezi wa nne huu," akamwambia. "Chukua kiti cha dirishani, ndicho kizuri." Akaenda zake. Kisha Redio akakumbuka: miezi minne mtu huyo alikuwa akinyolewa kwake, na hakuna chochote kilichovuja.

Ndani hakukuta benchi. Alikuta viti viwili, meza ndogo na mama wa makamo, aliyemweleza kwamba atakayoyasema hayatatoka mle. Redio akafanya alichozoea: akauliza maswali.

"Dakika hamsini! Nikatoka najua ana watoto watatu na goti linamsumbua. Yeye langu hakujua hata moja."

Mara ya pili alikaa kimya. Walipokuwa wakitazamana, ndipo akagundua kitu ambacho hakuwahi kukifikiria: tangu aanze kazi, karibu kila mazungumzo yake ya maana yamepita kwenye kioo, yeye akiwa nyuma ya mtu. Akitazamwa usoni, ulimi unaganda. Akamwambia mshauri hivyo hivyo. Mshauri hakucheka. Alibeba kiti chake, akakiweka sambamba na cha Redio, wote wawili wakaelekea dirishani.

Mara ya tatu, akisema na kioo cha dirisha, akalitoa lile alilomficha hata mkewe.

Asubuhi ya mwisho alimnyoa kaka yake. Kaka akasema kichwa kinamuuma. Redio akamjibu, "Kichwa kikubwa hivyo, kisiume kina kazi gani nyingine?" Kaka akacheka sana, akaenda nyumbani kula. Saa nane alikuwa ameshafariki.

"Mshauri hakuniambia si kosa langu. Aliniuliza, 'Utani wa kichwa nani aliuanza?' Nikasema kaka, tangu tukiwa watoto. Basi, nikalia. Mtu mzima na mvi zangu nimelia mpaka kamasi."

Mkono haukupona siku hiyo. Ulitulia baada ya Jumatatu tisa, na katikati yake mshauri alimtuma kupima presha yake mwenyewe. Sasa anameza kidonge kila asubuhi. Lakini kulibaki neno moja, na mwenye kustahili kulisikia hakuwa mshauri.

Jumapili iliyopita alikwenda nyumbani kwa marehemu. Akamwomba binti wakae wote wakitazama ukuta, binti akamshangaa, wakakaa. Akamweleza yote.

Binti akamgeukia. "Baba mdogo, ule utani wa kichwa? Baba alifika hapa akiusimulia. Alitusimulia mara mbili. Tulicheka wote mezani, na yeye ndiye aliyecheka kuliko wote."

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Nilikuja kukuambia. Ukanifukuza."

Leo shuka la kiti cha pili liko kwenye kamba nyuma ya saluni, linakauka. Kiti chenyewe kimetiwa mafuta, kinazunguka bila kelele. Binti ataanza kazi Jumanne, na kichwa cha kwanza atakachonyoa, kwa wembe, ni cha Redio.

"Nikishakaa, nitamwambia kichwa kinaniuma," anasema, akimpangusa mwalimu mabegani. "Kwanza atacheka. Halafu atanipeleka kupima."