Wimbo wa Ulezi na Watu wa Kaseti

Coleta alikuwa akifundisha kwaya ya kigango kimoja cha kanisa nje kidogo ya Sumbawanga tangu hajaolewa, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza wimbo ni wa nani. Wimbo ulikuwa wa anayeuimba. Mwalimu wa kwaya akienda harusini Laela na kusikia wimbo uliomkaa moyoni, aliomba solfa yake, zile noti za do-re-mi, akainakili kwa mkono, akarudi nayo kwao. Huko akiongeza ubeti au akipunguza, hakuna aliyenuna.

Ndivyo ulivyokua wimbo wa ulezi. Coleta aliuanza mwaka ambao mvua ilikatika mapema, mahindi yakakauka, ulezi peke yake ukasimama. Watu wa Laela wakautilia kiitikio. Kisha Zenon, mwalimu wa kwaya ya Kirando, kule chini ziwani ambako watu wanaishi kwa dagaa, akatunga ubeti wa nyavu na kubadilisha mapigo ya ngoma. Ulipopanda tena huku juu, Coleta aliupenda wa Kirando kuliko wa kwake, akafundisha huo.

Mwaka 1996, siku ambazo soko huria lilikuwa mdomoni mwa kila mtu, alikuja Loth. Alitoka Mbeya, ametumwa na kampuni ya kaseti iliyoitwa Nyanda Sauti, na alikuwa mtu wa adabu. Alimwamkia mama mkwe wa Coleta shikamoo kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote neno. Aliipa kwaya kinanda cha kutumia betri ya gari, na sare za kitenge zilizowafanya akina mama wajitazame upya.

"Kampuni inawafadhili tu," alisema. "Ninyi imbeni kama mlivyozoea. Na ule wimbo wa ulezi tutaulinda. Mtunzi ni nani?"

"Niliuanza mimi," Coleta alisema. "Lakini kuna watu wa Laela, halafu kuna Zenon wa..."

"Kwenye kaseti linakaa jina moja, mama."

Coleta akaitikia kwa kichwa. Alidhani kuulinda wimbo ni kuuzuia usisahaulike.

Baada ya mavuno kwaya zote zilikutana Namanyere. Watu wa Kirando walifika kwa lori wakiwa wamebeba dagaa wa zawadi, na Zenon akamsalimu Coleta kwa furaha, akimwambia kuwa wamezidi kuunyoosha ule wimbo, atausikia. Loth alikuwepo na mashine yake ya kurekodi. Ilipokaribia zamu ya Kirando, alimfuata Zenon na kumweleza, kwa upole wake uleule, kwamba wimbo wa ulezi sasa ni wa kampuni na kwaya ya Mama Coleta. Wao waimbe mwingine.

Zenon hakubishana naye. Alimwendea Coleta.

"Mama Coleta, ubeti wa nyavu nimeutunga mimi. Hata huo nisiuimbe?"

Coleta alimwangalia Zenon, akamwangalia Loth, akaiangalia sare yake. "Sijui, baba," alisema. "Kweli sijui."

Kirando wakaimba wimbo mwingine, bila nguvu. Kisha kwaya ya Coleta ikasimama. Walianza vizuri, kinanda kikilia, mpaka wakafika ubeti wa nyavu. Hapo mkono wa Coleta ukabaki hewani. Hakuwa ameamua kugoma. Mkono tu haukujua uende wapi. Waimbaji wakanyamaza, kinanda kikaendelea peke yake kidogo, nacho kikakoma.

Kutoka kwenye mabenchi ya Kirando mtu akaupokea ubeti. Watu wa Laela wakaingia na kiitikio chao, kwa mwendo wao wa polepole, na nusu ya kwaya ya Coleta ikawafuata huku nusu ikifuata Kirando. Ulikuwa mvurugano mtupu. Wengine walicheka, mama mmoja alilia, na Loth alizima mashine.

"Mnataka nini hasa?" alimuuliza Coleta nje, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia kweli. "Nimewaletea kila kitu."

"Hata mimi ningependa kujua," Coleta alisema.

Kwaya iligawanyika. Kristiana, sauti ya kwanza na rafiki yake wa siku nyingi, aliondoka na wenzake, wakaenda Mbeya na kinanda kurekodi. "Unaogopa nini, dada?" alimuuliza kabla ya safari. "Wimbo ukisikika mpaka Dar, Zenon anapungukiwa nini?"

Kaseti ilitoka bila ubeti wa nyavu. Ilipigwa sokoni Sumbawanga na ndani ya mabasi, na ilikuwa nzuri. Coleta aliisikia akinunua chumvi, akajikuta anaufuatisha wimbo kwa mguu, kisha akauzuia mguu, asijue kwa nini.

Yeye na waliobaki walirudi kwenye ngoma. Krismasi ilipokaribia, aliagiza Kirando solfa ya wimbo mpya aliosikia unasifiwa. Zenon aliileta mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, lakini hakumkabidhi mara moja.

"Mama Coleta, ukitaka kubadilisha mahali kwenye wimbo, utaniuliza kwanza?"

"Nikuulize?"

"Sijui," Zenon alisema, akitazama chini. "Labda ndivyo inavyotakiwa siku hizi."

Coleta akamkaribisha ndani, akamwekea ugali wa ulezi, na wakala bila kulimaliza jambo hilo.