Nyaya Juu ya Nyumba ya Mama

Nilianza kuzichukia zile nyaya siku mama aliponiuliza mara tatu, kabla chai haijapoa, kama baba amesharudi kutoka kazini. Baba tulimzika miaka tisa iliyopita.

Mama alikuwa akiishi mtaa wa Lucky Summer, katika ploti ya vyumba vya kupanga, na juu ya mapaa ya hapo zilipita nyaya za umeme mkubwa kutoka mnara mmoja wa chuma hadi mwingine. Mvua ikinyesha zilivuma. Tulikuwa tumezizoea kabisa. Lakini sasa nilikuwa natafuta mchawi, na mchawi nikamwona pale juu.

Nikasoma kwenye simu mpaka macho yakauma: habari za nguvu ya sumaku inayotoka kwenye nyaya za stima, habari za ubongo, habari za watu waliosahau. Ukurasa ulionitisha niliuhifadhi. Uliosema jambo hili halijathibitishwa niliufunga. Ndivyo nilivyo, nikishika neno siliachi.

Kliniki, daktari alimwuliza mama huu ni mwaka gani. Mama akamjibu kwa heshima kwamba hilo amwulize mwenye kalenda. Tulicheka wote, mimi nikiwa na uchungu. Kisha nikamwuliza daktari kuhusu nyaya.

"Watu wamelichunguza hilo," alisema. "Wengine wanaona dalili fulani, wengine hawaoni kitu. Kwa mama yako siwezi kusema ni waya. La muhimu, msimhamishe ovyo. Mahali alipopazoea panamsaidia."

Nilitoka pale na nusu ya maneno yake. Wengine wanaona dalili.

Jumamosi hiyo nikaweka kwenye simu programu ya kupima sumaku, nikazunguka nayo nyumbani kwa mama kama mtu anayetafuta mtandao. Mlangoni namba ilitulia. Jikoni ilitulia. Nilipoisogeza kwenye mto wake ikapanda mpaka simu ikalia. Miaka yote hiyo amekuwa akilaza kichwa hapo, na mimi nipo tu, nashughulika na saluni yangu mtaa wa Baba Dogo!

Nikapanga nyumba mtaa wa Fedha, ghorofa ya nne, ili tuishi pamoja. Siku ya kuhama, mama mboga wa pale nje ya ploti alinivuta kando.

"Huyu shosho mama yako hapa ako sawa," alisema. "Akikuja mara ya pili namwambia ashachukua sukuma. Akikosea mlango, jirani anamrudisha. Huko unampeleka, nani anamjua?"

Nilimwambia auze mboga zake, ubongo wa mama yangu aniachie mimi. Naona haya kuliandika, lakini ndivyo nilivyosema, kwa sauti, wateja wake wakisikia. Tukapakia kitanda, kabati na vyombo kwenye pikapu. Nyumba ile ilipata wapangaji wengine kabla ya wiki kuisha.

Fedha, mama hakujua choo kiko wapi. Lucky Summer alikuwa akienda mwenyewe bila kuwaza. Hapa alisimama katikati ya sebule, ameshika sketi kwa mikono miwili, akaniangalia kwa aibu. Jiko la gesi lilimwogopesha, akaacha kupika. Hakukuwa na mtu wa kumgongea mlango Alhamisi na kumwambia twende maombi, kwa hiyo Alhamisi nayo ikapotea. Ndipo nilipojua ni watu wangapi waliokuwa wakimkumbushia mambo, kila mmoja kidogo kidogo, na mimi nilidhani anakumbuka mwenyewe.

Mwezi wa pili tukiwa pale, akaja fundi wa stima kurekebisha soketi. Nikamsimulia kwa majivuno jinsi nilivyomwokoa mama. Nikachukua simu nimwonyeshe kwamba hapa hakuna tatizo. Nilikuwa sijawahi kupima tena, kwa vile nilikuwa na hakika. Nilipoifikisha kwenye mto, ikalia.

Fundi akainama, akakigonga kitanda kwa bisibisi.

"Sista, hii simu haisomi stima ya waya. Inasoma chuma. Ni hii kitanda inaifanya ilie."

Hakunicheka. Afadhali angenicheka. Nilikaa juu ya kile kitanda cha chuma tulichokibeba kutoka Lucky Summer. Labda nyaya zina madhara, labda hazina. Mpaka leo sijui. Ninachojua ni kwamba sikuwahi kuzipima.

Nikampigia simu mwenye ploti. Nyumba ina watu, akasema, na vyumba vyote vimejaa.

Jioni nikampikia mama uji wa wimbi. Alikunywa wote, akakifuta kikombe kwa kitambaa, akajifunga leso vizuri, kisha akanishika mkono kwa adabu ya mgeni anayeaga.

"Asante sana, mama. Umenitunza vizuri. Sasa unipeleke nyumbani, binti yangu atanitafuta."

Nikamwuliza huyo binti yake ni mtu wa namna gani.

"Ananipenda," akasema. "Lakini hasikii."