Rubisi ya Harusi ya Koku

Asubuhi ile Tata, baba yangu, alikuwa ndani ya mtumbwi wa kukamulia, suruali imekunjwa hadi magotini, akikanyaga ndizi mbivu na nyasi kwa ajili ya rubisi, pombe ya harusi ya dada yangu Koku. Bwana harusi alikuwa wa Izigo, na watu wa Izigo, Tata alisema, wanajua kuonja. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilikuwa nimechoka kuisubiri vita. Redio ilikuwa imetangaza kwamba adui amevuka mpaka, lakini kwetu Nshambya tulichokiona ni mjumbe wa nyumba kumi tu, akipita kila mlango kutuagiza: mkisikia mlipuko ingieni ndani, laleni chini, mtu asitoke mpaka nije mwenyewe.

Ndege ikaja, chini kabisa, migomba ikayumba. Kishindo kikatoka upande wa mjini, vikombe vikaanguka kabatini, na sisi wanne tukajikuta kifudifudi juu ya nyasi zilizotandikwa sebuleni. Moyo ulinidunda kwa furaha, nakiri. Hatimaye vita ilikuwa imefika kwetu, na shule isingekuwepo.

Kukawa kimya. Tata akaanza kunung'unika kwamba mtumbwi uko wazi, mbuzi watamaliza kila kitu.

"Mjumbe hajaja," Mae, mama yangu, alisema.

"Nafunika tu, waitu," Tata akamsihi kwa adabu.

"Lala chini, Baba Koku."

Koku akaanza kuililia harusi yake, Mae akampeleka chumbani kumbembeleza. Tata akanitazama. Miguu yake ilikuwa bado inanata, sisimizi wameanza kuipanda. Nami nilikuwa nakufa kwa hamu ya kuona moshi.

Nikatoa komeo la mlango.

Alitangulia. Alifika kwenye mtumbwi, akainama kuokota jani la mgomba.

Ndege ilirudi.

Nilimwona akianguka. Sikusikia chochote.

Hospitali walimkata mguu wa kulia. Mae alimuuliza nani alifungua mlango.

"Mimi," Tata akasema. Nilikuwa nimesimama pale pale kando ya kitanda, nikaanza kumnyooshea shuka.

Harusi ilifanyika miezi kadhaa baadaye. Rubisi aliikanyaga baba mdogo, Tata akiwa kitini anamkosoa kila hatua, na tulicheka sana siku ile.

Lakini mpaka Mae anaingia kaburini, aliendelea kumsimanga Tata: "Ukaidi wako ndio uliokula mguu."

"Ego, waitu," Tata alikuwa akikubali, kisha ananituma nimletee gongo lake la kutembelea.