Kalchi wa Miono

Kila ninapoonja mchuzi wa papa wa nazi, rafiki yangu, hasira hunipanda kabla ya njaa. Hunirudisha Bagamoyo ya utoto wangu, kwa bibi, nilikoletwa kutoka shamba, Miono, nije kusoma. Asubuhi nilifagia uwanja, jioni nilikaa juu ya mbuzi nikikuna nazi, na redio ya bibi ikikoroma taarabu dirishani.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mwanamke wa Ayalandi. Siku moja alicheka, akasema yeye ni kalchi: kwao ndivyo watu wa mjini wanavyomwita mtu wa shamba. Juu ya asili ya neno lenyewe, wenyewe hawaelewani. Wengine husema limetoka kwenye jina la kijimji cha mbali huko. Wengine, kwenye maneno ya Kiayalandi yenye maana ya nyuma ya nyumba, maana watu wa shamba waliingilia huko kwenye nyumba za wakubwa. Nililipenda! Nilifika barazani nikajitangaza mwenyewe kwamba hata mimi ni kalchi.

Jirani yetu, mama aliyejivunia ukoo wake wa mjini, aliniuliza maana yake. Nikamweleza yote, mpaka ule mlango wa nyuma. Nilijimaliza. Tangu hapo, bibi akinituma kwake na bakuli la mchuzi wa papa, nasikia tu: "Kalchi! Pita uani, usinichafulie mkeka." Wanawe wakalidaka, mtaa mzima ukalidaka, jina langu la haki likapotea. "Nyamaza mjukuu wangu, atachoka," bibi alisema. Hakuchoka. Nikaapa nitamlipa.

Na nilimlipa, wallahi, au nilidhani hivyo. Nilipokuwa mtu mzima nilifungua mgahawa mkabala na baraza lake, nikaandika KALCHI juu ya mlango kwa herufi nyekundu, alisome kila akifungua dirisha. Nikamsubiri.

Juzi alikuja na mkongojo wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akala, akasifu papa, kisha akauliza, "Hilo jina la hapa zuri. Maana yake nini?"

Nikadhani ananichezea. Nikamtajia vyote: mkeka, uani, kicheko cha wanawe. Alinitazama kwa huruma, kana kwamba nimemsimulia msiba wa mtu mwingine.

"Masikini! Nani alikufanyia hivyo, mwanangu?"

Bibi hayupo tena. Mwalimu alirudi kwao. Sijamsamehe yule mama na sitamsamehe, lakini nitamlipizia nani, ikiwa hayumo tena ndani ya huyu kikongwe aliyesahau?