Mume Wangu Aliwafukuza Akina Mama Walioibeba Kampuni Yetu

Admin, nifichie jina, maana mume wangu pia anafuata ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, tunaishi Suneka, na tuna kampuni ndogo ya kutengeneza krispi za ndizi.

Watu walikuwa wanatuuliza kwa nini krispi zetu hubaki manjano na hazinyonyi mafuta. Sababu ilikuwa Mama Kemunto wa Ekerenyo na kikundi chake cha akina mama wakulima. Mwaka wa kwanza nilienda kwake na karai, tukakaa jikoni mwake siku nzima tukikaanga ndizi za kila umri mpaka tukajua inayofaa. Tangu hapo walikata ndizi zilizokomaa lakini hazijaanza kuiva, wakatuletea asubuhi hiyo hiyo. Mvua ikiharibu barabara, alinipigia simu mapema nijipange. Maduka makubwa ya Kisii mjini yakaacha krispi za wengine yakachukua zetu.

Kisha mume wangu akapata dalali wa bei ya chini. Siku aliyowafukuza akina mama nilikuwa mazishini Gesima; wafanyakazi ndio walionisimulia. Mama Kemunto alipofika na wenzake na mzigo, mume wangu alimwambia langoni, mbele ya wafanyakazi, "Nyinyi ni wauza ndizi tu. Ndizi ziko kila mahali." Akawarudisha nazo.

Ndizi za dalali zimechanganyika, nyingine zimeanza kulainika. Krispi zinatoka nyeusi. Maduka mawili yameturudishia mzigo. Akina mama sasa wanampelekea mshindani wetu, na krispi zake zimekuwa kama zetu za zamani. Nikiziona dukani natamani kulia kwa hasira.

Nilimwambia mume wangu twende tuombe msamaha. Akasema, "Mimi nimpigie magoti muuza ndizi? Enda wewe."

Nikaenda. Mama Kemunto alinipa chai, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, na wewe hatuna shida. Fungua yako hata kesho, tutakuletea. Lakini kwa lango lile haturudi."

Wiki mbili sasa sijamwambia mume wangu maneno hayo. Nikifungua yangu, nitashindana na baba wa watoto wangu. Nikibaki, kampuni inakufa nikiitazama, na yeye bado anasema shida ni mafuta ya kukaangia.

Nyinyi wenye ndoa na biashara, mngekuwa mimi mngefanyaje? Niambieni ukweli, hata kama utauma.